Waliompigia Makofi Maiti

Palma, Jumapili usiku

Wamepiga makofi! Mwanamke kafa mbele yao, kafunikwa shuka hadi usoni, na ukumbi mzima umesimama kupiga makofi. Mpaka sasa moyo wangu haujatulia.

Ni mchezo wa jukwaani wa kuimba mwanzo mwisho, maarufu dunia nzima, anavyosema dada Sauda. Kauleta kwenye DVD kutoka kambi ya gesi anakopika. Tumeuangalia alasiri, chumbani. Mimi sikuupenda tangu mwanzo. Mgonjwa wa kifua anaimba kwa sauti ya mwadhini! Anakata roho, hakuna hata mmoja wa kumsomea Yasini. Wanaimba tu.

"Zima, dada. Huku ni kuwadhihaki wafu," nikamwambia.

Hakuzima. Nilipogeuka, analia kwa kwikwi. Hapo nikapandwa na hasira. Mama tulimwosha na kumzika bila yeye, matanga yakaisha hajatokea, kwa kuwa kazini hawakumpa ruhusa. Leo anamlilia mzungu wa kwenye tivii?

Nikamwambia hivyohivyo.

Akapangusa uso kwa kanga. "Siku mliyonipigia simu ya msiba, wageni kambini walikuwa wanaangalia mchezo huu. Walipofika hapa wote walilia. Na mimi nikasimama mlangoni na sinia langu, nikamlilia mama. Hakuna aliyeniuliza kitu."



Bado siupendi. Lakini nilimwambia aurudishe nyuma palepale mwanamke anapokata roho, nikajitanda kanga kichwani, tukakaa matanga.