Niachie Mguu, Mama

Mama yangu,

Mola akupe raha huko uliko. Nimejifungua mtoto wa kike, nimempa jina lako. Alikaa vibaya tumboni, ikabidi nipasuliwe.

Walinidunga ganzi mgongoni, dawa mpya yenye kukaa sana. Sista ni binti wa Kinango. Tangu uhuru twaelezwa kwa lugha yetu. Daktari aliitia kidogo kidogo, sista akiniuliza kila mara, "Masikio yavuma? Ulimi mzito?" Kisha akanionya: kisinisogelee kitu cha moto, wala nisisimame, mpaka vidole vya miguu vicheze.

Wodini niliushika mguu wangu, nikashtuka. Ulikuwa mguu wako siku niliyokuosha kabla ya sanda, Mama. Mzito, waenda unakosukumwa, hauna mwenyewe.

Nikasinzia. Kumbe shangazi amefika kutoka Bongwe na maji ya moto kwenye chupa ya chai, anikande kama ulivyonikanda wewe uzazi wa kwanza. Hakuna aliyemwambia habari ya ganzi. Mwenyewe asema, "Mwana hana mama, na kukandwa pia asikandwe? Watu watatucheka!" Viganja vyake wavijua, huepua sufuria bila kitambaa. Nafumbua macho, naona mvuke wapanda pajani, ngozi yaiva, nami sisikii kitu.

Ila mkono, ndio ulioniamsha. Wa baridi. Umenishika kifundo cha mguu, wavuta. Na mikono ya shangazi yote miwili iko kwenye kitambaa cha kunikandia.

Nikapiga kelele, akaacha. Limebaki kovu.

Ganzi iliisha siku ile ile. Mkono haukuisha. Daktari amenichoma na pini mguu mzima, nasikia kila mahali, asema sina neno. Lakini nikitaka kuinuka, kifundo chashikwa. Mtoto alia, nami nimenasa kitandani. Akinyamaza, huchekea kule miguuni pangu, pasipo na mtu.

Ahsante, Mama. Lau si wewe, ningeungua mpaka mfupani. Lakini huyu ahitaji mama wa kutembea. Shangazi nimemweleza, amelia. Nami nakuahidi: yeyote nitakayemkanda, nitamwambia kwanza achezeshe vidole, ndipo nichovye kitambaa. Na jina lako litaitwa humu ndani kila siku, kwa upendo na kwa karipio.

Haya, mtoto ameamka. Nashusha miguu sakafuni.

Buriani, Mama. Niachie.