Huru, Si Bure

Mpendwa Shangazi Eliza,

Nakuandikia mbele za watu, katika jarida la Watanzania wa hapa London, tena kwa makusudi. Kwenye simu huwa unanizima kwa neno moja. Hapa rafiki zako wote watasoma, na walioko Morogoro watasomewa, nione utajificha wapi.

Unazikumbuka zile Jumamosi za Stanmore? Nilikuwa na miaka tisa. Baba na Mama walikuwa zamu, nawe hukuwa na pa kuniacha, ukawa unakwenda nami kazini huko, kwa Babu Walter, yule mzee Mmarekani uliyekuwa ukimtunza. Binti yake alimtumia kanda za video za besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kutoka kwao, nasi watatu tukazitazama kwa chai ya maziwa na maandazi uliyoyaficha kwenye mkoba, maana nesi alishamkataza sukari. Mwanzoni ulisema mchezo gani huu, watu wazima wamesimama uwanjani kama wanangoja basi. Haukupita mwaka ukawa unabishana na televisheni.

Kilichokunogea zaidi kilikuwa usajili. Msimu ukiisha, wachezaji waliomaliza mikataba huwa huru kwenda watakako, na klabu zinawagombania. Siku moja Babu Walter alimnyooshea kidole mpigaji mmoja mwenye kifua kipana, akasema, "He's a free agent now." Mimi, mtoto wa London niliyesikia Kiswahili na kukijibu kwa Kiingereza, nikataka kujionyesha.

"Shangazi, anasema huyu sasa ni mchezaji wa bure."

"Wa bure?" ukashangaa. "Na anavyopiga vile? Wamchukue basi, wanangoja nini?"

Babu Walter akakutajia mamilioni ambayo huyo wa bure alikuwa akiyataka. Ukanigeukia, nami nikajikunyata nikijua nitagombezwa. Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia kwenye sare.

"Huru, mwanangu. Huru, si bure. Wanaofanya kazi bure mimi nawajua, na hawaonyeshwi kwenye TV."

Kuanzia hapo ukawa na msimamo wako. Babu Walter alipenda majina makubwa. Wewe ulisema klabu zinatupa fedha kwa kulipia sifa za jana, na mwaka uliofuata yule mwenye kifua kipana, aliyepewa mkataba mrefu, alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ulifurahi wiki nzima. Babu Walter alikubali kushindwa, ila akakuongezea kitu kimoja. Alisema miguu ya mchezaji huondoka kwanza, mikono hufuata, lakini jicho hukaa. Mpigaji anayejua mpira upi aupige na upi auache upite, huyo hata akizeeka mlipe. Ukamwongezea andazi la pili.

Babu Walter alifariki, nawe ukarudi nyumbani Morogoro, na sasa mimi natarajia mtoto. Jumapili nilipokupigia kukuomba uje ukae nasi miezi michache, ukanijibu kwa maneno yako mwenyewe: "Magoti yangu yamekwisha, mwanangu. Utakuwa unalipia sifa za jana." Kisha simu ikakatika. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, halafu nikacheka, maana nilijua nimeshakupata.

Shangazi, nani amekuambia nakusajili kwa ajili ya magoti? Kukimbia atakimbia mume wangu, ndiyo kazi yake. Mimi nataka jicho. Nakumbuka nilipofeli mitihani nikajifungia chumbani, Mama akawa anagonga mlango, mashangazi wa kanisani wakaja na ushauri wao, kila mmoja na wake. Wewe ulikuwa jikoni unamenya viazi. Ulisema neno moja tu, "Mwacheni." Nikateremka mwenyewe, kwa njaa, na hukuniuliza kitu mpaka niliposhiba. Nakupenda kwa siku ile kuliko kwa maandazi yote, na naogopa kumlea mtoto bila mtu wa kunionyesha lini ninyamaze.

Najua dada Neema wa Dodoma naye anakutaka ukakae kwake, kwa hiyo naweka ofa yangu mapema. Chumba chako kiko chini, ngazi hutazigusa. Hapa Kenton maduka yako karibu, unga na iliki utavipata kwa Wahindi waliotoka Nairobi, na Kiswahili chao utakicheka upendavyo. Jumamosi ni zako. Nauli ni yetu, na pesa ya mkononi pia, maana bure sitaki.

Juzi mtoto alipiga teke, mume wangu akaruka akisema huyo ni mpigaji. Nikamwambia asiwe na haraka ya kusema, tumngoje mwenye jicho.

Uko huru, Shangazi. Njoo.

Binti wa kaka yako,
mkalimani wako wa Stanmore