Nilidhani Wewe Ndiye Uliyening'oa Nywele

Mama,

Shikamoo. Huku Morogoro hatujambo. Saluni ya Mji Mpya bado ninayo, na mdogo wangu Veneranda amepata kazi ya kufundisha Mlali. Nimeanza na mazuri kwa makusudi, kwa sababu nina jambo la kukiri na linanitia aibu.

Siku ya kumaliza matanga yako kule Mgeta, dada yako, mama mkubwa, alileta wembe mpya atunyoe wanao wote kama desturi ilivyo. Veneranda alinyolewa. Mimi nikakataa. Nilisema mimi ni msusi, mteja akinikuta na kipara ataniamini vipi na kichwa chake? Mama mkubwa aliufunga wembe kwenye karatasi yake. Nikarudi mjini na rasta zangu mgongoni, nikijiona mjanja.

Miezi minane baadaye nywele zikaanza kutoka. Nikichana, kitana kinajaa. Nililaumu dawa ya kulainisha, nikalaumu rasta, nikapaka maji ya kitunguu mpaka wateja wakawa wanauliza nani anapika. Hakuna kitu. Mwisho nikavaa wigi, mimi ninayewahubiria watu waache nywele zipumue.

Mama mkubwa aliposikia alinipigia simu. "Mamako hajaridhika, mwanangu. Njoo unyolewe." Nikaamini. Nilipanda Mgeta na lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, nikanyolewa pembeni ya kaburi lako, nikapiga magoti kukuomba radhi. Nililia kweli, Mama. Kisha nikashuka, nikasubiri.

Zilizoota zilikuwa chache na kavu, na nyusi nazo zikaanza kuisha kwa pembeni. Nilisikia baridi mwezi wa pili, wakati watu wote mjini wanajipepea. Nilinenepa bila kula. Nikimaliza kusuka kichwa kimoja nataka kulala. Kila kilichoongezeka nilikiona ni hasira yako inazidi. Hilo liliniuma kuliko kipara: kwamba umekufa, na huko uliko umeacha kunipenda.

Aliyenishtua ni mteja, muuguzi anayekaa Mzumbe. Nilikuwa namsuka, akanitazama kwenye kioo. "Dada, hizo nyusi unanyoa?" Nikasema hapana. "Na sauti imekuwa nzito hivyo tangu lini? Kesho nenda kapime damu. Si kesho kutwa."

Nilienda. Daktari alinieleza kuna tezi ndogo hapa shingoni, thairoidi, na ya kwangu inafanya kazi chini ya kiwango. Ikilegea, mwili mzima unalegea, nywele zikiwemo. Nikamsimulia habari ya matanga. Hakucheka. Alisema tu wembe hauhusiki, hata ningenyolewa siku ile ile tezi isingejua.

Sasa nameza kidonge kila asubuhi tumbo likiwa tupu, ndipo baadaye nanywa chai. Huenda nikameza maisha yangu yote. Baridi imeniachia. Nywele zinarudi kwa kusuasua, utosini bado kweupe. Wigi nililivua wiki iliyopita. Nasuka watu na kichwa changu hivi hivi, anayeuliza namweleza, na asiyeuliza najua anasubiri nitoke nje anisengenye.

Lakini tangu siku ile kwa daktari kuna kitu hakinipi raha. Uliponifundisha kusuka ulikuwa ukinipiga kidogo vidoleni. "Legeza mkono, kichwa cha mtu kina mwenyewe." Uliponisuka mimi mwenyewe, ukiniona nimekunja uso, unafumua, unapuliza pale panapouma, unaanza upya. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemsingizia kwa mwaka mzima. Ile radhi ya kaburini niliiomba bure, kwa kosa ambalo wewe hukuniwekea moyoni. Ninayoiomba leo ndiyo yenyewe: nisamehe kwa kuamini kwamba ungeweza kuniumiza.

Mama mkubwa nitamweleza taratibu. Sitabishana naye. Amepoteza dada, na wembe ule ulikuwa namna yake ya kukulilia. Dawa nitameza, nakuahidi, hata siku nitakapojiona nimepona. Na lingine nakuahidi: mtu yeyote akisema mbele yangu kwamba mama yangu ana kinyongo na mimi, nitamjibu kwamba huyo anayemsema si mama yangu.

Lala salama, Mama.

Mwanao,
Salome