Baba, Tanuri Halibomolewi

Baba yangu, Mzee Sabas,

Sijui kama habari za Mpanda zinafika huko uliko, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe, na naanza na iliyo kubwa: tanuri lako halibomolewi! Lipo palepale Makanyagio, linachoma taka na kuwasha taa za soko, na aliyesimama mkutanoni kulitetea ni mimi binti yako.

Unakumbuka walivyokucheka? Uliacha mpunga kule Mpimbwe ukaja mjini kulisha tanuri, lakini ukulima haukukutoka. Wenzako walitaka taka zitupwe motoni zilivyo. Wewe ulitandaza turubai juani, ukazianika na kuzigeuza kwa reki asubuhi na mchana, kama mpunga uliotoka shambani. Chupa za plastiki ulizitenga. Maganda na mboga zilizooza uliwapa wakulima wa Mwamkulu wafanye mbolea. Nikikuletea chakula nilikukuta umeshika karatasi na majani ya kwenye turubai, unayafinya karibu na sikio.

"Zikinyamaza, bado zina maji," uliniambia. "Zikilia, peleka motoni."

Jirani yetu Mzee Masanja hakukosa kupita na baiskeli yake. "Sabas, hizo taka utazikoboa lini?" Soko zima lilivunjika mbavu, na wewe ulicheka nao. Mimi, nisikufiche, niliona aibu. Niliweka bakuli na kuondoka haraka.

Ulipofariki, turubai likakunjwa. Waliokurithi kazi waliona kuanika ni kupoteza muda. Taka zikaingia mbichi, na moto ulipogoma wakaumwagia dizeli. Basi ikawa moshi, Baba, moshi mweusi wa kuingia hadi kwenye sufuria. Tuliacha kuanika nguo nje. Mjukuu wa Mzee Masanja akawa anakohoa mpaka anatapika, na mzee huyohuyo akapita nyumba kwa nyumba kukusanya majina ya wanaotaka tanuri livunjwe. Kusema kweli, hakuwa na kosa.

"Nyie mnataka taa," alisema siku ya mkutano, "sisi tunataka pumzi!"

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya uamuzi, nikajikuta nimesimama. Nikasema tanuri halina ubaya, ila tunalilisha vibichi. Nikaomba siku saba nianike taka kama ulivyokuwa ukianika wewe. Wakacheka, nami nikawaacha wacheke, maana ukoo wetu umeshazoea. Wakanipa siku zangu kwa sharti moja: moshi ukirudi, kesho yake nyundo zinaanza.

Nilipata wenzangu wanne, kina mama wauza nyanya. Tulilitoa turubai lako, limetoboka hapa na pale, tukatandaza, tukachambua, tukageuza. Siku ya tatu mvua ilitukuta katikati ya kazi, tukakimbia huku tunaburuza taka na kumwita Mama Bikira Maria kwa sauti. Tulianza upya bila kununa. Mgongo uliniuma, Baba, ndipo nikajua ulikuwa unalala umechoka kiasi gani.

Siku ya saba moto ukawashwa bila tone la dizeli. Umati wote ulikodolea macho bomba la moshi. Tulisubiri. Kilichotoka ni joto tu, hewa inachezacheza, na nyuma yake mbingu ya buluu. Taa za soko zikawaka, kina mama wakapiga vigelegele, nikalia bila haya mbele za watu. Uamuzi ukatolewa palepale: tanuri linabaki, na hakuna taka itakayoingia bila kuanikwa. Mchezo wako sasa ni kanuni ya mji!

Asubuhi yake nilimkuta Mzee Masanja ananisubiri tanurini. Kwenye keria ya baiskeli alikuwa amefunga turubai lake la kuanikia mpunga, lile ambalo hata ndugu yake hamwazimi.

"Lenu limetoboka," alisema. "Chukua hili."

Kisha akachuchumaa, akachota taka kiganjani, akazifinya karibu na sikio.

"Bado," akasema. "Hizi zina maji." Akazitandaza tena.

Siku hiyo sikuondoka haraka, Baba. Nilichukua reki yako nikakaa kutwa nzima, mbele ya soko lote.

Pumzika sasa, kazi yako inaendelea.

Kitinda mimba wako,
Skola