Kulungu wa Nduku

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwogesha binti yangu Nduku. Yeye kitini, mguu juu ya ndoo, umefungwa mfuko wa plastiki usilowe. Nimempaka mafuta mgongoni kama alipokuwa mtoto. Uji kanywa nusu.

Leo ni wiki mbili tangu ajali. Alikuwa anarudi kutoka shifti ya usiku, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Ndiyo kwanza kunakucha. Amekaribia kabisa kwetu Fridley, kulungu akaruka barabarani. Gari sasa ni chuma chakavu. Mguu umevunjika mara mbili, wametia skrubu. Na kulungu? Dereva wa nyuma alimwona. Aliinuka, akajikung'uta, akaingia msituni.

Akajikung'uta. Hilo neno halinitoki.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kliniki, kwa gari la jirani. Nduku alifumba macho tangu tunatoka mpaka tunarudi. Mikono imeng'ang'ania mkanda. Jasho. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, aliyenileta nchi hii ya wazungu, aliyenifundisha kuandika nikiwa na mvi tayari, analia kwa sababu gari limekata kona.

Anasema hataendesha tena. Anasema hatoki tena. Nimemwambia utatoka, hata kama ni mgongoni mwangu.

Sina shule lakini najua ninachotaka. Nataka yule mnyama afe.

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani, Brooklyn Center. Mutiso kanionyesha simu yake. Ni mtu wetu wa Machakos, anaendesha lori, na kila mwaka huenda kuwinda na mzungu wa kazini kwao, mzee Dale. Wamefunga kamera kwenye mti huko kaskazini. Picha ishirini za kulungu mmoja. Hapa anakunywa maji. Hapa amegeuza shingo. "Ona pembe, Mama Nduku. Ona anavyosimama."

Nikamwuliza, "Mnawinda au mnaposa?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia nitakwenda nao. Akasema kuna baridi, kuna ngazi ya kupanda kwenye kibanda chao. Nikamwambia baba yangu aliwinda kwa upinde sijaota meno, na wewe kijana unanitisha kwa ngazi.

"Lakini Mama, huko ni mwendo wa saa mbili. Siye yule wa Nduku."

Basi ndugu yake, nikasema.

Jumatano, 5 Novemba

Mutiso amepiga simu. Nisioge na sabuni ya kunukia, nisijipake mafuta, mnyama asije akanisikia harufu. Nimeoga maji matupu. Nanuka kama gunia.

Nduku hajui. Nimemwambia Jumamosi naenda maombi, mke wa Mutiso atakuja kukaa naye. Mungu atanisamehe, au asinisamehe.

Baba alikuwa na desturi yake. Mnyama akianguka, anapiga goti penye kichwa na kumwambia kwa nini amemuua. Asipokuwa na la kumwambia, hapigi mshale. Siku zote lilikuwa neno moja: njaa.

Mimi nina maneno mengi kuliko baba. Nimeyapanga. Nitaanza na jina la binti yangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua halijatoka tulikuwa juu, kwenye kibanda chao cha mbao chenye miguu minne. Mimi, Mutiso, Dale. Wote tumevaa rangi ya machungwa kama mafundi wa barabara. Chai kwenye thamosi. Baridi inauma mpaka meno.

Akatoka.

Sitaandika uongo humu. Alikuwa mzuri. Shingo nene. Pembe zimeshika barafu, zinamemeta. Pumzi inatoka kama mvuke wa sufuria. Masikio yanageuka, moja huku, moja kule. Anaweka miguu chini mmoja mmoja, kama mwanamke aliyevaa viatu vipya kanisani. Nikamtazama Dale. Mzee mzima, machozi yanamtoka. Mutiso ameinua bunduki na hapigi. Anaangalia tu, mdomo wazi.

Nikamfinya mkono. Kwa nguvu.

Akapiga.

Tulishuka. Dale akavua kofia, akampapasa shingo polepole, anasema maneno chini chini. Mutiso akaniambia mzee anashukuru. Kisha wakanipisha. Nikapiga goti kwenye majani yaliyoganda. Jicho lake bado linang'aa, na mimi nimo ndani yake, na kofia yangu ya machungwa.

Maneno yangu yote yakapotea. Nimwambie nini? Miguu yake minne ilikuwa mizima. Barabara yetu hajaiona. Nduku hamjui.

Wanaume wanangoja. Nikasema, "Njaa."

Na asubuhi nilikuwa nimekula chapati tatu.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimemdanganya mnyama niliyemuua. Baba angenitemea mate.

Na hasira ipo palepale. Haikupungua hata kijiko.

Jumanne, 11 Novemba

Mutiso ameleta paja. Nimelichemsha na tangawizi, nikakaanga na vitunguu na nyanya. Nikampelekea Nduku na ugali, nikamwambia ukweli wote. Huyu ni kulungu, nimekwenda kumwinda kwa ajili yako. Nilidhani atafurahi. Akatazama sahani. Kisha akasema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

"Mama, mimi nilimwona mapema. Alisimama kando ya barabara, jua linachomoza nyuma yake. Mwili wote unawaka. Nafasi ya kufunga breki nilikuwa nayo. Niliendelea kumwangalia."

"Ukamwangalia."

"Alikuwa mzuri, Mama. Usiku mzima nilikuwa nabadilisha wazee nepi. Nilitaka kuona kitu kizuri."

Nilitaka kumpiga kofi. Nikaenda jikoni, nikapiga sinki kwa mwiko mpaka ukapasuka. Mwezi mzima namchukia mnyama, na mtoto wangu yuko chumba cha pili anajichukia mwenyewe. Kumbe ndiyo maana anafumba macho kwenye gari.

Nikarudi. Nikamwambia hata mimi nilimwangalia wa kwangu. Hata Mutiso, na bunduki mkononi. Hata yule mzungu alilia. Mjinga si wewe peke yako. Kula.

Akala. Akaomba nyingine.

Jumatatu, 24 Novemba

Kliniki tena. Mutiso ndiye aliyeendesha. Nduku aliomba akae mbele. Daktari ameridhika na mfupa.

Wakati wa kurudi akasema, "Mutiso, pita ile njia." Tulipofika penye miti, pale alipogonga, akamwambia asimame kidogo.

Macho yake wazi. Mkanda hakuushika.

Nikaitazama miti. Sijamsamehe yule mnyama. Angetoka ningeshuka na mkongojo wa Nduku nimfukuze mpaka mtoni. Nduku naye ameegemea kioo, shingo ameinyoosha, anamtafuta kwa namna yake.

Hakutoka. Tulikaa hapo, wawili tunamtafuta mmoja, mpaka gari la nyuma likapiga honi.