Majani ya sombe ku kikwembe cha Mama

Salamu, Furaha mujukuu wangu. Huku Kabambare tuko wazima, magoti yangu tu ndiyo yanakataa njia ya shamba. Kitambaa ulichochapa majani huko Goma kimefika. Unauliza kama ni kizuri.

Nikiwa mutoto, nilipaka majani ya sombe, yale ya muhogo, utomvu wa mugomba, nikayagandamiza ku kikwembe cheupe cha Mama cha kujifunga. Hakikuonekana kitu, nikadhani nimeshindwa. Kesho yake alama zilitokea, kahawia, Mama akiwa amekivaa kanisani. Watu walicheka. Hakunisemesha wiki nzima, nami sikuchapa tena maisha yangu yote.

Alipokufa nilikikuta sandukuni mwake, kimekunjwa vizuri, alama za majani zikiwa juu. Alikipenda, akanyamaza. Hilo sijamusamehe.

Chako ni kizuri, Furaha. Kizuri sana.

Bibi yako