Herufi Nne Kwenye Katauti

Kijiji cha Ujamaa,
kupitia Mkata, Handeni.
14 Septemba, 1975

Kwa dada yangu mpendwa Stefania,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeketi salama hapo Makuyuni, lile goti limepunguza maumivu, na shemeji ameacha kuvuta kiko ndani ya nyumba kama alivyoahidi wakati wa Pasaka. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Hosiana anakusalimu sana na anasema kile kitenge ulichompa kimempendeza mpaka majirani wanamuuliza kimetoka duka gani. Watoto ni wazima, mahindi tumekwisha kuvuna, muhogo upo, na mvua za vuli tunazingoja bila manung'uniko mengi.

Habari kubwa ya mwaka huu ni gari. Kijiji kilipewa Landrova kuukuu ya mwaka hamsini na tano, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani na injini imekufa kabisa. Wengi walisema itafaa kulaza kuku. Lakini mwenyekiti wetu, mzee Mdoe, ni Mzigua asiyekubali kushindwa upesi. Alihangaika huku na huko mpaka akapata injini na giaboksi ya Landrova nyingine, ya juzi juzi tu, iliyokuwa imepinduka huko Mazinde. Akaitisha mkutano, akatangaza kwamba fundi Matayo, aliyesoma mpaka darasa la sita na kufanya kazi gereji ya mkonge, ataliamsha gari letu. Watu wakapiga makofi. Unanijua dada, makofi yananipanda kichwani. Nikasimama nikasema wiki mbili zinatosha.

Usidhani tulilitaka gari kwa maringo. Hospitali ya kweli iko Korogwe, na mgonjwa wa kwetu hubebwa kwa machela mpaka barabara kubwa, halafu aanze kungoja basi. Mwezi wa kwanza mama mmoja alijifungulia hapo kando ya njia, na tulishukuru tu kwamba alikuwa mwenye nguvu zake.

Kuingiza injini hakukunisumbua. Tulisimamisha nguzo, tukafunga mnyororo, wanaume kumi wakavuta wakiimba wimbo wa kulimia. Matundu mawili ya boliti yalikataa kukutana, nikatoboa mengine. Kazi ikabaki ya waya, na hapo ndipo mahali penyewe. Gari la zamani lina nyaya zake lilizozizoea, na injini mpya imekuja na mambo yake: dainamo nyingine na katauti nyingine. Katauti ni kile kisanduku kinachotawala chaji kati ya dainamo na betri. Kina vichwa vinne vya kufungia waya, na chini ya kila kichwa imegongwa herufi moja. Kimoja ni cha betri, kimoja cha dainamo, kimoja cha kuiamsha hiyo dainamo, na kimoja cha waya unaokwenda kwenye bodi, yaani kwenye chuma chenyewe cha gari. Ile ya zamani nilikuwa naifunga kwa kupapasa tu, kichwa cha kwanza kushoto, cha pili, cha tatu. Hii mpya walikuwa wamebadilisha mpangilio.

Siku hiyo alikuwa amepita Mwaija kutazama. Huyu ni mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, binti wa Kizigua, mpole wa sauti na mkali wa chaki. Nikamwambia macho yangu yameingia vumbi la kutu, tafadhali anisomee zile herufi. Akainama, akasoma moja moja huku akigusa kwa kidole, nami nikawa nafunga waya nikifuata anavyotamka. Tulipounganisha betri, waya ukawa mwekundu mpaka ndani ya dashibodi, moshi ukatoka kwenye kila tundu, kuku na watu wakatimka pamoja. Niliukata kwa plaizi na kuunguza viganja. Nusu ya waya za gari zima zilikuwa zimeyeyuka.

Mzee Mdoe akaja mbio kuuliza kimetokea nini. Kabla sijafumbua mdomo, mtu mmoja nyuma akasema mwalimu kasoma vibaya. Wote wakanigeukia mimi. Dada, ningeweza kusema neno lolote. Nikasema huenda kasoma vibaya.

Basi yakampata yeye. Darasa lake lilikuwa na watu thelathini na wawili, kesho yake wakaja sita. Wengine walisema heri wakalime kuliko kufundishwa na mtu anayeshindwa na herufi nne. Kamati ikakubaliana kuandika wilayani aletwe mwalimu mwingine. Mwaija hakuja kunilaumu. Nilisikia kwa Hosiana kwamba anasema ana hakika alisoma sawasawa, ila hajui atamweleza nini baba yake, mzee ambaye kila Ijumaa alikuwa akiwasimulia wenzake msikitini kwamba bintiye anafundisha watu wazima. Hosiana aliponiambia hayo akaniuliza kama yale macho yamepona. Chakula cha siku ile sikukimaliza.

Siku ya tatu nikaitia katauti mfukoni nikamfuata Mwaija shambani kwake. Nilimwomba anisomee tena. Akakataa hata kuishika, akaniambia nisome mwenyewe, maana vumbi limekwisha kutoka. Nikaigeuza geuza mkononi. Nikaigeuza tena juu chini, na yeye akaelewa. Akageuza jembe, akachora herufi udongoni kwa mpini, akasema hii ni e. Nikamwambia lakini hiyo ndiyo ya betri, ndivyo nilivyofundishwa na yule bwana fundi Mgiriki wa gereji ya Mazinde, kwa mdomo, na nimeishika kwa mdomo miaka yote: ei ni betri, ii ni bodi. Tukatazamana. Kumbe Mgiriki alikuwa akitamka Kizungu. Herufi a yeye aliiita ei, na e aliiita ii. Mwaija alikuwa amesoma Kiswahili kama inavyotakiwa, a ni a na e ni e. Mimi niliposikia e nikadhani ndiyo ile ei yangu ya betri, nikaupeleka umeme wote kwenye bodi. Mwaija alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta la muhogo. Nami nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kisha akapangusa uso, akaniuliza ni nani atakayekwenda kuwaambia wale.

Umekwisha kuelewa, dada. Mimi nilikuwa sijui kusoma hata herufi moja.

Ijumaa nikasimama mkutanoni, baba yake Mwaija akiwa amekaa mstari wa mbele. Nikasema mwalimu alisoma sawa, mjinga wa herufi ni mimi, na kile kitabu cha gari nilichokuwa nikikifunua mbele yao ukurasa kwa ukurasa nilikuwa natazama picha tu. Niliogopa wangeninyang'anya ufundi pale pale. Mzee Mdoe akakohoa, akasema basi hakuna haja ya kuandika wilayani, ila fundi ataanza darasa siku hiyo hiyo na atakaa benchi la mbele. Walinicheka, dada, walinicheka mpaka nikatamani kurudi ndani ya moshi. Lakini wiki ile darasa la Mwaija lilijaa watu arobaini na zaidi, maana kila mtu alitaka kuona fundi akishika chaki. Baba yake Mwaija alinishika mkono, akaenda zake.

Nilirudi Mazinde kung'oa waya za lile gari lililopinduka, nikazifunga upya kwenye gari letu, Mwaija akisoma na mimi nikimuuliza kila mara kama ni e ya Kiswahili. Likawaka. Mpaka sasa linakwenda Korogwe kila Jumanne, na akina mama wanne wamejifungua juu ya kitanda cha hospitali kwa ajili yake. Kibao wamekibandika kandokando ya mlango, kimeandikwa jina la kijiji, na mimi ninapopita huwa nakisoma kwa sauti hata kama hakuna aliyeniomba. Hosiana anasema nimekuwa kero, nasoma mpaka maandishi ya mifuko ya mbolea.

Neno la kwanza nililoandika bila kushikwa mkono lilikuwa dada. Lina herufi mbili tu, na zote mbili nilikuwa nazijua tangu kwenye katauti, a ya betri na d ya dainamo. Mwezi uliopita nimefanya mtihani wa kisomo pamoja na wenzangu, nasi tunaambiwa tumefanya vizuri.

Sasa nifike kwa lililo gumu. Baba aliweza kumwachilia mtoto mmoja tu aende shule. Wewe uliacha darasa la tatu ukabaki nyumbani na mama, ukachanja kuni na kulea, ili mimi nipelekwe kwa mjomba Mazinde nikasome. Mjomba alikuwa anaingia korona, kule kiwandani kunakochakatwa mkonge, alfajiri, na hakuna aliyenitazama naelekea wapi. Nilikuwa nashika njia ya shule, nikifika gereji nasimama kidogo kutazama. Siku moja nilisimama mpaka jioni. Sikumaliza hata mwaka. Darasa la sita nimelitaja kwa mdomo tu, na kwa kuwa nilijua injini hakuna aliyeniuliza zaidi. Najua ulivyokuwa unapenda shule. Nakumbuka ulivyolitunza lile daftari lako lililokuwa limebaki kurasa tupu, ukakataa lisiwashiwe moto.

Naamini umekwisha kuona kwamba mwandiko huu si ule uliouzoea. Barua zote nilizokuletea miaka hii kumi na mitano aliziandika rafiki yangu Simeo, karani wa ghala, naye ndiye aliyekuwa akinisomea za kwako. Usimchukie, alifanya kwa wema. Nilipoanza kujua kusoma nikazitoa barua zako zote sandukuni, nikazisoma polepole nikifuata kwa kidole. Katika ile ya Krismasi ya mwaka sabini na moja nikakuta mstari ambao Simeo hakunisomea. Nadhani aliona haya, maana sifa zilikuwa zake. Umeandika hivi: kila nikisoma barua yako jinsi ilivyopangika vizuri, naona sikuacha shule bure.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichopata kusoma. Nimeona siwezi kuendelea kuupokea. Zile barua nzuri hazikuwa zangu, dada. Yangu ni hii, imenichukua siku kumi na moja, ina makosa na imejaa alama za vidole vya grisi. Nakuomba radhi kwa moyo wangu wote. Hata hivyo siwezi kukuficha kwamba nina furaha, tena kubwa, maana ni mara ya kwanza nazungumza na wewe bila mtu wa tatu kukaa katikati.

Msalimie shemeji na watoto, na wote wa hapo Makuyuni wanaoniulizia. Hosiana na wanangu wanakuamkia. Mwaija naye, ambaye hamjaonana, amesema nimfikishie shikamoo yake kwako. Kama una hasira nami, na unayo haki, iandike yote usipunguze neno. Nitaisoma mwenyewe, na safari hii hakuna mstari utakaorukwa.

Ni mimi mdogo wako,
Matayo